Tarumbeta ya Marehemu Mwalimu



Mwaka juzi tulimzika mwalimu wa fanfari ya parokia yetu, hapa Lubumbashi. Zaidi ya miaka arobaini aliwafundisha vijana kupiga tarumbeta, wala haikupita Pasaka bila sauti ya tarumbeta yake. Mwaka wa kwanza wa kifo chake ulipokaribia, wakubwa wa parokia walituagiza sisi katekista tutengeneze ukumbusho: Misa kwanza, kisha muziki uwanjani. Tulidhani ni kazi ndogo. Kumbe kidogo ituvunjie fanfari.

Amri yetu ilikuwa hii: kila wimbo upigwe sawasawa kama marehemu alivyoupiga, bila kuongeza wala kupunguza; tena wageni hatuwataki. Kijana mmoja, aliyewapita wanafunzi wote wa marehemu kwa pumzi na kwa wepesi wa vidole, aliomba azipange nyimbo upya, na tumwite mama mmoja wa kwaya ya parokia jirani aje kuimba. Tulimjibu kwa ukali mbele ya wenzake: “Ngoma ya watoto haikeshi.” Akanyamaza. Akaiweka tarumbeta ya marehemu juu ya meza, akatoka. Majuma mawili hakuonekana mazoezini, na wenzake wawili wakamfuata.

Jioni moja akafika nyumbani kwetu, telefone mkononi. Hakuja kuomba radhi. “Baba katekista,” akasema, “unisikilize kwanza, halafu unifukuze ukitaka.” Tukamwonyesha kiti. Akatusikilizisha sahani moja ya muziki tangu mwanzo hata mwisho, nasi tukasikiliza kwa uso uliokunjwa.

Sahani hiyo ilitoka mwaka 2001. Mwenyewe ni Nicholas Payton, mpiga tarumbeta wa jazi, mzaliwa wa mji wa New Orleans, Marekani, mwaka 1973. Aliifanya kumheshimu Louis Armstrong, mwana wa mji uleule, aliyefariki tarehe 6 Julai 1971, Payton mwenyewe akiwa hajazaliwa bado. Akaiita Dear Louis, maneno ambayo watu wa lugha ile huanzia barua: Mpendwa Louis. Ni barua kwa mtu asiyeweza tena kujibu.

Jina la Armstrong tulilijua tangu utoto, kwa sababu marehemu mwalimu hakuchoka kulitaja. Mwaka 1960 Armstrong alizunguka Afrika, na safari yake ililipiwa kwa sehemu na Serikali ya Marekani. Mwezi wa Oktoba alifika Léopoldville, na watu wakambeba mabegani juu ya kiti kama mfalme. Mwezi wa Novemba akafika huku kwetu, mji huu ukiitwa bado Elisabethville. Ilikuwa miezi ya uchungu. Katanga ilikuwa imejitenga, na Patrice Lumumba alikuwa amezingirwa na askari nyumbani kwake Léopoldville. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa huku huku Katanga. Muziki ule mtamu ulipita katikati ya mambo hayo, wala haifai kuukumbuka utamu na kuyasahau hayo. Marehemu alikuwa mtoto wakati huo. Alituambia kwamba alisimama nje pamoja na watoto wengine wasio na fedha. Hakuona kitu, alisikia tarumbeta tu. “Sauti hiyo,” alikuwa akisema, “ndiyo iliyonitia katika kazi hii.”

Basi tulipomwuliza yule kijana kwa nini sahani ilitoka mwaka 2001, si mwaka mwingine, alitupa habari ambayo mtu wa parokia hawezi kuisikia bila kutikisika. Armstrong aliamini maisha yake yote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, siku ya sikukuu ya uhuru wa Marekani. Alikufa akiamini hivyo. Lakini katika miaka ya 1980 mtafiti mmoja wa New Orleans, Tad Jones, alikwenda kupekua vitabu vya ubatizo. Katika kitabu cha kanisa la Moyo Mtakatifu wa Yesu akaliona jina la mtoto huyo, limeandikwa kwa Kilatini: amezaliwa tarehe 4 Agosti 1901, amebatizwa tarehe 25 ya mwezi uleule. Kwa hiyo miaka mia ya kuzaliwa kwake ilitimia mwaka 2001, na Payton alituma barua yake kwa wakati wake.

Fikirini, wasomaji. Mama yake alikuwa maskini. Wazungu wa nchi ile walimhesabu mtoto wa namna hiyo kuwa si kitu. Lakini mtu mmoja alichovya kalamu, akaandika mstari mmoja, na mstari huo ukailinda kweli zaidi ya miaka themanini, mpaka ulimwengu mzima ukaja kuutafuta. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi nasi tuna vitabu hivyo, na tunakiri kwamba mara nyingine tuliacha majina ya wabatizwa katika vipande vya karatasi, tukisema tutaandika kesho.

Lakini turudi kwenye sahani, maana ndiyo iliyotuhukumu.

Kwanza, Payton hakuwa kijana mwenye kudharau wazee. Baba yake alikuwa mpiga besi, naye mwenyewe alishika tarumbeta akiwa mtoto wa miaka minne. Mwaka 1996 aliketi kupiga pamoja na mzee Doc Cheatham, mwenye miaka 91, ambaye katika ujana wake kule Chicago aliwahi kushika nafasi ya Armstrong siku Armstrong asipokuwapo. Mwaka uliofuata mzee huyo akafariki. Payton alijifunza njia ya zamani miguuni pa mtu aliyeiona kwa macho. Alipoipanga upya, alikuwa akigusa kitu anachokijua.

Pili, hakuiga. Ukiisikia Potato Head Blues, ambayo Armstrong aliipiga mwaka 1927 pamoja na wenzake sita, unautambua wimbo, kama unavyomtambua mtoto kwa uso wa babu yake. Lakini mtoto si babu. Payton ameuvika mavazi mengine, ameuweka katika kundi kubwa zaidi la vyombo, na mwendo si ule. Hata Hello, Dolly!, wimbo uliomfikisha Armstrong kileleni Marekani mwaka 1964, akiwa na miaka zaidi ya sitini, haukuachwa kama ulivyokuwa. Mwanzo tuliona ni ukosefu wa adabu. Baadaye tukajiuliza: Armstrong mwenyewe aliwaiga nani? Januari 1913, akiwa na miaka 11, alitiwa katika nyumba ya kurudi watoto kwa kupiga bastola hewani usiku wa kuamkia mwaka mpya. Huko, katika fanfari ya watoto waliokosa, mwalimu Peter Davis alimfundisha koneti. Kama angeishia kupiga sawasawa kama mwalimu wake, nani angemsikia leo? Deni lake kwa Peter Davis alililipa kwa kwenda mbali zaidi.

Tatu, na hapa ndipo tulipoona haya: Payton aliwaita wageni waimbe. Mmoja ni Dianne Reeves, mama wa sauti pana na safi, aliyekulia Denver, mbali na New Orleans. Mwingine ni Dr. John, mpiga piano na mwimbaji wa New Orleans, Mzungu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyefariki mwaka 2019. Kwa nini awaite? Kwa sababu Armstrong alikuwa na karama mbili katika kifua kimoja: alipiga, tena aliimba. Tarumbeta haina maneno. Payton angeweza kujitafutia sauti ya ukali ukooni ili aifanane na ya marehemu, watu wacheke na kupiga makofi. Aliwaita wenye sauti zao. Dianne Reeves hakujifanya Armstrong. Aliimba kama Dianne Reeves, na ndiyo maana heshima yake ilikuwa ya kweli. Urithi wa mtu mkubwa haubebwi na mrithi mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sahani ilipokwisha, yule kijana hakusema neno. Sisi nasi tulikaa kimya kitambo. Kisha tukamwambia: “Mwanangu, tulikukosea mbele ya watu.” Akainamisha kichwa. “Na mimi, Baba, nilikosa kuiacha tarumbeta ya mwalimu juu ya meza kama kitu kisicho na mwenyewe.” Jumapili iliyofuata tulilisema kosa letu mbele ya fanfari nzima, maana kosa la hadharani haliponywi chumbani.

Siku ya ukumbusho ilifika. Wimbo wa kwanza ulipigwa kama marehemu alivyoupiga, ili watoto wajue tulikotoka. Uliofuata aliupanga kijana, na yule mama wa parokia jirani akaimba mahali ambapo tarumbeta ilinyamaza. Wazee wawili hawakupendezwa, nao walituambia wazi. Mjane wa marehemu hakusema kitu. Alisimama mpaka mwisho, mkono kifuani. Baadaye alituletea madaftari ya nyimbo ya mumewe. Katika kurasa nyingi tuliona amefuta na kuandika tena, amefuta na kuandika tena. Hata yeye hakuwa akipiga mwaka huu kama mwaka uliopita. Sisi tulitaka kumfunga katika namna ambayo mwenyewe hakuikubali.

Ndugu wasomaji, kila parokia ina marehemu wake: mwalimu, katekista wa zamani, mama wa kwaya. Yafaa tuwaheshimu. Lakini tuanze kwa kuandika kweli juu yao, majina na tarehe, wangali wakikumbukwa. Kisha walichotupa tukipulizie pumzi yetu wenyewe, na pale pumzi yetu isipofika tumwite jirani. Tarumbeta ya marehemu haikai tena juu ya meza. Kila Alhamisi jioni twaisikia kutoka nyumbani kwetu, na siku hizi kijana anamfundisha mtoto wa miaka tisa, ambaye bado anakosea sana.