Mlinzi wa Kisogo

Jicho hutazama mbele. Kisogo hulindwa na sikio. Nawaona wanafunzi wa Dar es Salaam wakimziba mlinzi huyo kwa visikizi vya mpira laini, kisha wakavuka Barabara ya Sam Nujoma macho wazi, migongo haina mtu. Siwalaumu kwa kupenda muziki. Kelele za mji huu zachosha, na mimi pia ninavyo visikizi vyangu.

Wengi hujihadhari kwa kuacha sikio moja wazi. Hadhari hiyo ni nusu. Upande itokako sauti hujulikana hasa kwa kulinganisha masikio mawili: sauti ya kulia hulifikia sikio la kushoto ikiwa imefifia kidogo, tena imechelewa kwa muda usiotimia 1/1000 ya sekunde. Mwenye sikio moja huisikia honi ya bodaboda, lakini akimbilie wapi? Nimemwona kijana akirukia upande uleule ilikotoka pikipiki, aliponea chupuchupu.

Viko visikizi vyenye maikrofoni, vipitishavyo sauti za nje masikioni mote mawili. Ni afadhali, ila betri ikiisha hugeuka vizibo. Mimi huvivua vyote ukingoni mwa barabara. Wimbo huningoja ng'ambo.