Walitafuta mchezeshaji, wakampata binti yangu

Tangu neno lilipotoka kwamba binti yangu amehama chuo kule Marekani, wengi wenu mmeniuliza. Wengine wana watoto wanaocheza basketi na wanataka kujua njia. Wengine walisikia kwamba amefukuzwa. Hakufukuzwa. Niliomba nafasi katika barua yetu ya juma hili nieleze mara moja, maana kueleza mlangoni kwa kila mtu kunachosha.

Binti yangu ni mchezeshaji, yule ambaye watoto wetu wa hapa Lubumbashi humwita kwa Kifaransa meneuse. Si yule mrefu anayesimama chini ya kikapu. Ni yule anayechukua mpira nyuma, anaupandisha, na kuwaambia wenzake wanne: wewe kaa pale, wewe pita huku. Kwa sheria alizojifunza hapa, timu ina sekunde 8 za kuvuka katikati na sekunde 24 za kutupa. Katika vyuo vya kule ni 10 na 30. Mimi nilifikiri basi kazi ni nyepesi, muda umeongezwa. Aliniambia hapana, Mama, makocha wanajaza zile sekunde kwa mipango mingi, na mipango yote inapitia mdomoni mwangu.

Alikaa miaka miwili katika chuo cha kwanza. Kocha aliyemleta aliondoka, akaja mwingine na watu wake, na binti yangu akawa anacheza dakika 4, siku nyingine hata moja hakuna. Mwezi wa tatu 2025 huyo kocha mpya alimwita, akamwambia kwa upole kwamba ni vizuri atafute pengine. Upole ule sikuupenda, lakini alau alisema mapema.

Kule kuna orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama. Ilianza mwezi wa kumi 2018. Zamani mchezaji alipaswa kuomba ruhusa ya chuo chake ndipo kocha mwingine azungumze naye. Sasa anaandika tu kwamba anataka kuhama, na chuo kina siku mbili za kazi kuweka jina lake. Tangu 2024 anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa mwaka mzima nje ya uwanja, mradi masomo yake yawe sawa. Inasikika vizuri. Lakini sikilizeni upande wa pili: jina likishaingia, chuo cha zamani kinaweza kukata ufadhili wake mwisho wa muhula. Na mtoto wetu yuko kule kwa viza ya mwanafunzi. Asipopata chuo kingine, si basketi tu inayokwisha, hata ruhusa ya kukaa kule inakwisha.

Mwaka ule mlango ulikuwa wazi siku 30. Wasichana zaidi ya 1,000 wa daraja la juu waliingia katika orodha. Siku tisa za kwanza hakuna aliyepiga simu. Nilikuwa naamka kutazama, kwa sababu saa mbili ya jioni kwao ni saa tisa ya usiku kwetu. Mtoto alikuwa ananiambia yuko sawa, lakini nilimsikia sauti.

Siku ya kumi wakaanza. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba wao nao wana haraka yao. Kila mwaka timu nyingi zinabaki bila mchezeshaji: aliyekuwepo amemaliza masomo, au amehama naye. Kocha hataki kuanza na mtoto anayetoka sekondari, anataka aliyekwisha kuonja chuo. Anatazama pasi ngapi zilizaa vikapu na mipira mingapi ilipotea mikononi mwake. Anahesabu miaka iliyobaki. Binti yangu hakuwa na hesabu nyingi za kuonyesha, kwa hiyo makocha watatu waliomtaka waliuliza sana kwa watu waliomfahamu, na wote watatu wakaomba kuzungumza na mimi.

Neno moja kwa wenzangu: nilikataa binti yangu awe mkalimani wa mazungumzo yanayomhusu yeye. Mpwa wangu anafundisha Kiingereza. Alikuja kulala kwetu Katuba usiku tatu, tukamlisha bukari na samaki, akatafsiri bila kupunguza.

Kocha wa kwanza alizungumza habari ya feza. Wakati ule kulikuwa na maneno kwamba vyuo vitaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kweli vikaruhusiwa mwezi wa saba. Nilimuuliza: na mwenye viza ya mwanafunzi, ambaye sheria inamfunga katika mambo ya kazi, mtamlipa kwa njia gani? Akasema tutaona. Wa pili alitusifia uwanja wao na ndege wanazosafiria.

Wa tatu alikuwa mama, wa chuo kidogo. Hakusifu kitu. Aliniuliza: nyumbani kwenu, nani alikuwa anawapangia watoto kazi?

Nilicheka. Mnajua maji yetu yanavyokuja usiku, na vurugu ya bidoni inavyokuwa. Huyu mtoto, akiwa na miaka 12, ndiye aliyekuwa anapanga bidoni za ua mzima. Nani alitangulia kufika, nani ana mgonjwa, nani ameweka tano na kusema mbili. Hata wajomba walifuata mstari. Bibi yake alisema ana mdomo mno kwa mtoto wa kike, na shangazi zake walitaka tumnyamazishe kabla hajafikia kuolewa. Sasa mama mzungu anatafuta ule mdomo, tena yuko tayari kuulipia masomo.

Akaongeza jambo lililonituliza kuliko sifa. Alisema ana wasichana wanne waliokaa pamoja miaka mitatu, na mgeni atapaswa kuwaamuru kabla ya mwezi wa kumi na moja. Wanaweza kumkataa. Nilipenda kwamba alilisema.

Watu hapa mjini wananitajia Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, aliyetoka West Virginia akaenda Kentucky, na mwaka 2022 akatajwa mchezaji bora wa vyuo vyote. Ni kweli, na tunajivunia. Lakini yeye ni mtu wa kuokota mipira chini ya kikapu. Kazi hiyo unahama nayo mwilini. Mchezeshaji anahama na sauti tu, na sauti inahitaji masikio. Mtazameni Hailey Van Lith, msichana mwenye jina kubwa tangu Louisville. Alihamia LSU mwaka 2023, wakamweka mchezeshaji, mambo yakawa magumu kwake. Mwaka uliofuata akaenda TCU, timu ambayo mwezi wa kwanza 2024 ilikuwa na majeruhi wengi hata ikatafuta wachezaji kati ya wanafunzi wa kawaida. Akiwa kwao, mwezi wa tatu 2025, wakafika katika timu nane za mwisho kwa mara ya kwanza. Msichana ni yuleyule.

Binti yangu alitaka chuo cha ndege. Mimi nilitaka cha yule mama. Tulibishana siku mbili, baba yake akajifanya kusinzia. Halafu nikaomba mambo mawili kwa wote. La kwanza, orodha iliyoandikwa ya masomo watakayokubali, kwa sababu anayeingia mwaka wa tatu anapaswa kuwa amemaliza sehemu fulani ya shahada yake, la sivyo hachezi. La pili, nambari ya simu ya mchezaji aliyeondoka kwao. Chuo cha ndege kilikataa masomo manne, na nambari hawakutoa. Yule mama alikataa masomo mawili, akatoa nambari mbili. Binti yangu aliwapigia mwenyewe. Sikuuliza walisema nini. Siku ya 24 akaandika kwamba anakwenda kule.

Karatasi za viza zilihamishwa kutoka chuo hadi chuo, akapewa I-20 mpya. Yale masomo mawili ameyarudia wakati wa likizo, na hakuja nyumbani. Hilo liliniuma.

Sasa wako katika mazoezi, mechi zinaanza mwezi wa kumi na moja. Juma lililopita aliniambia kwamba watatu wanamsikiliza vizuri, ila mmoja wa wale wanne bado anageuza uso anapoita mpango. Nikamuuliza anafanyaje.

«Naita tena, Mama.»