Na Simba Kiti cha Nyuma, Mpaka Mingoyo

Baba watoto alipoona dumu la maji la lita kumi, sufuria kuukuu, kanga mbili zilizochakaa na mnyororo vimepangwa sebuleni, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo umeamua?" Nikamjibu nimeamua. Akaguna, akaenda kuangalia upepo wa matairi.

Msomaji wangu, usinicheke. Simba ni mbwa wa marehemu baba yangu. Mzee alipofariki, ndugu waligawana vitu vyote, hadi redio mbovu ilipata mwenyewe, ila mbwa hakuna aliyemtaka. Nikamchukua mimi. Sasa Desemba imefika, dada wa kazi amekwenda kwao, jirani ninayemwamini ana mtoto mchanga, na sisi tunatakiwa Mingoyo kwa mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe tangu nimeolewa, miaka sita sasa, nimeonana naye mara mbili tu, na mara zote mbili tuliishia kuzungumza kwa kumtuma mtoto. "Mwambie mama yako chakula tayari." Si unaelewa?

Halafu ni mama wa swala tano. Pwani yetu wengi hufuata madhehebu ya Imam Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi: chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nami namleta mbwa mlangoni kwake! Shoga yangu mmoja aliniambia nijitafutie talaka kwa njia rahisi zaidi.

Basi la abiria nilishaliondoa kichwani mapema, maana konda gani atakubali? Tukaenda na kagari ketu. Kabla ya yote nilimpeleka Simba kwa daktari wa mifugo, wiki tano kabla ya safari. Chanjo ya kichaa cha mbwa haichomwi leo ukasafiri kesho, mwili unahitaji muda wa kujijenga. Uliza pia hapo hapo habari ya kibali cha kusafirisha mnyama kutoka mkoa hadi mkoa, na cheti cha chanjo ukiweke pamoja na leseni, usikitupe chini ya begi. Kusini huko kichaa cha mbwa si hadithi. Lindi ilikuwa katika eneo la mradi mkubwa wa kukitokomeza, ulioanza mwaka 2010 chini ya Shirika la Afya Duniani kwa fedha za taasisi ya Gates, na mbwa wengi walichanjwa. Ila ugonjwa wenyewe haujaisha nchini. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha moja kwa moja hospitali. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, na hapo sikuwa na mjadala. Mbwa hatoki jasho kama sisi, joto lake analitoa kwa kuhema ulimi nje, kwa hiyo jua la saa saba mchana ndani ya gari ni adhabu kwake. Gari likisimama madirisha yamefungwa, dakika chache zinatosha kumuua. Mimi na baba watoto tulikula kwa zamu njia nzima, mmoja mezani, mmoja na Simba chini ya mti. Chakula chake nilimpa jioni ya jana yake, asubuhi maji tu, maana mbwa aliyeshiba hutapika. Alitapika hata hivyo, kabla hata hatujafika Kibiti. Ndiyo kazi ya zile kanga.

Chakula nilibeba kile kile cha nyumbani, unga wa dona na dagaa wa kuchemsha bila chumvi. Safari si wakati wa kumwonjesha mapya. Na mabaki ya hotelini usimpe: vitunguu vya kwenye mchuzi ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa humchana tumbo. Watu wa njiani watakushangaa. Waache.

Tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa jua linachomoza, lile lililofunguliwa mwaka 2003. Wakubwa wanaokumbuka foleni za kivuko na malori yaliyozama kwenye tope watanielewa. Lakini usijiamini sana na lami. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara hii maeneo ya Somanga, abiria wakakwama njiani. Ndiyo maana dumu langu ni la lita kumi na si chupa ya soda.

Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapochepuka, tulimshusha kujinyoosha. Nikakosea. Nilimfungua mnyororo nikidhani amechoka, akaona mbuzi, akatimka. Nami mtoto wa watu nikakimbia nyuma yake kando ya barabara kuu nikipiga kelele: "Simba! Simba!" Kina mama waliokuwa wakiuza korosho waliinuka, mmoja aliacha sinia. Baba watoto hakucheka. Alinivuta pembeni akaniambia huku kwao jina hilo halipigiwi kelele. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, na mikoa ya kusini, Lindi ikiwamo, ndiyo iliyoumia zaidi. Watu walishambuliwa mashambani, usiku, wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori, na simba walikuwa wakiwafuata hao hao nguruwe. Nilimfunga mnyororo, na kuanzia hapo nikawa namwita "wewe".

Lindi mjini tulipita bila kusimama. Kama kilomita 25 mbele ndiyo Mingoyo, mji wa njia panda: pale Mnazi Mmoja ukinyoosha unakwenda Mtwara, ukikata kulia unakwenda Masasi. Minazi, mikorosho, mikoko upande wa mto Lukuledi unakoingia baharini, na samaki wa kukaanga wanaoletwa hadi dirishani kwako. Si mbali na hapo, Mkwaya, Waingereza walijenga gati na reli kwa ajili ya mradi wao wa karanga uliowashinda. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960. Haya, tuendelee, maana mama mkwe anasubiri barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Macho yake yalikuwa kwenye kiti cha nyuma. "Na huyo?"

Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu Dar es Salaam. Yote yakanipotea. Nikasema tu: "Wa marehemu baba, mama. Sina pa kumwacha." Kisha nikamwonyesha: bakuli lake mwenyewe, ndoo yake, sabuni yake, kamba ya kumfunga nje mbali na kisima, mifuko ya kuzolea uchafu. Kila kitu chake nimekuja nacho, hatagusa hata kijiko chako.

Alikitazama kile kirundo kitambo. Akaniuliza kama mzee aliugua muda mrefu. Miaka miwili, nikamwambia. Akanyamaza, kisha akaniambia neno ambalo sikulitegemea: mbwa wa ulinzi wa shamba dini haikumkataza, kilichokatazwa ni kumfuga kwa mapambo. Na kaka yake ana shamba la mihogo ambalo ngedere wamelimaliza.

Siku tisa Simba alilala shambani chini ya dungu. Asubuhi nilikuwa nampelekea dona na kumtoa kupe mmoja mmoja, na kuanzia siku ya tatu mama mkwe akawa anafuatana nami, anasimama hatua kumi kutoka kwa mbwa, tunapiga stori. Alinisimulia mambo ya mwanawe ambayo hata yeye mwenyewe hayajui ninayajua. Mtoto hakutumwa tena.

Siku ya kuondoka mjomba akaomba abaki. Nililia, sikatai. Nilimuuliza baba watoto, akasema mbwa ni wangu, uamuzi ni wangu. Nikaacha bakuli, mnyororo na dawa ya kupe. Cheti cha chanjo nikamkabidhi mama mkwe.

Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe, simu yangu, si ya mwanawe. Hakusalimia sana. "Mwanangu, hapa kwenye karatasi pameandikwa chanjo nyingine mwezi gani? Miwani sina."