Mwenye Hisa Chache Naye Ana Haki ya Kuuliza



Majuma machache yaliyopita nilipokea barua pepe kutoka kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye kwa miaka mingi sasa ni muuguzi huko Marekani. Baada ya "Shikamoo Mjomba" na habari za watoto, alinieleza jambo ambalo sikulitarajia. Miaka mitatu iliyopita alichukua dola 3,000, fedha alizokuwa akiziweka kidogo kidogo kwa ajili ya kumwezekea mama yake nyumba, akanunua hisa katika kampuni ndogo inayotafiti dawa ya saratani. Kazi yake humkutanisha na wagonjwa wa saratani kila siku, hivyo aliona kwamba fedha yake ingefanya kazi njema na pengine kumletea faida. Leo hisa zile hazifiki dola 400. Na sasa kampuni imemtumia karatasi ya kura: bodi inaomba ruhusa ya kutoa hisa mpya nyingi, na inaomba vilevile viongozi waongezewe hisa kama motisha.

"Mjomba," aliandika, "wenzangu walionunua pamoja nami wanasema mwenye imani haulizi maswali, anangoja. Lakini mimi nimeanza kuwashuku viongozi hawa. Je, nina kosa? Na dawa yenyewe naamini ni ya kweli. Nipige kura gani?"

Nakiri mbele yenu kwamba swali hilo lilinishinda. Seminarini tulifundishwa falsafa na teolojia. Hakuna aliyetufundisha kusoma mizania ya kampuni. Ningeweza kumjibu kwa maneno machache ya faraja na kumwombea. Lakini fedha ile ilikuwa paa la dada yangu, na mtu anayeuliza swali la kweli hastahili kupewa faraja badala ya jibu. Nikaanza kusoma, nami nawashirikisheni niliyoyapata.

Kwanza, tuelewe uhusiano wenyewe. Anayenunua hisa anakuwa mmoja wa wenye mali. Kwa kuwa wenye mali ni maelfu na hawawezi kuketi ofisini, huchagua wakurugenzi, na wakurugenzi humwajiri mtendaji mkuu na kumsimamia. Kwa hiyo mtendaji mkuu ni wakili wa mali ya watu wengine. Sote tunaujua mfano wa Injili wa wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Yule bwana hakutenda kosa kwa kuuliza.

Katika kampuni za dawa, uwakili huu ni mgumu kuliko mahali pengine. Muuza unga huona mwisho wa mwezi kama ameuza au hakuuza. Mtafiti wa dawa anaweza kukaa miaka 10 bila kuuza hata kidonge kimoja, akila mtaji wa wanahisa kwa mishahara, maabara na majaribio kwa wagonjwa. Matokeo ya majaribio hayo huwafikia viongozi kabla ya kumfikia mwenye hisa chache. Kwa hiyo yeye hununua ahadi, na anayemweleza hali ya ahadi hiyo ni yule yule anayelipwa mshahara ili ahadi iendelee. Hapo shaka ni jambo la akili timamu.

Mpwa wangu alisema kwamba dawa ni ya kweli. Neno hilo lilinikumbusha kisa cha kampuni ya ImClone ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambayo mtendaji wake mkuu alikuwa Sam Waksal. Ilikuwa ikitafiti dawa ya saratani iitwayo Erbitux. Mwaka 2001 kampuni ile iliwakopesha viongozi wake wa juu mamilioni ya dola ili wanunue hisa zake kwa bei nafuu waliyokuwa wamepangiwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo kampuni kubwa ya Bristol-Myers Squibb ilikubali mpango uliofikia dola bilioni 2, ikanunua sehemu ya hisa kwa dola 70 kila moja, na viongozi wale walikuwa miongoni mwa waliouza. Mwishoni mwa Desemba 2001 Waksal alipata habari kwamba Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ingekataa kulipokea ombi la dawa ile. Kabla umma haujajua, binti yake aliuza hisa zake, naye mwenyewe alijaribu kuuza za kwake. Barua ya kukataliwa ilitoka tarehe 28 Desemba. Wanahisa wadogo walijua baada ya mlango kufungwa. Kufikia katikati ya mwaka 2002 hisa ile ilikuwa imeshuka hadi chini ya dola 10. Waksal alikiri makosa, na mwezi Juni 2003 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 7.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwezi Februari 2004 Erbitux ilipata kibali kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, na mwaka 2008 kampuni ya Eli Lilly iliinunua ImClone kwa takriban dola bilioni 6.5, yaani dola 70 kwa kila hisa. Dawa ilikuwa ya kweli tangu mwanzo! Aliyeishuku dawa alikosea; aliyewashuku viongozi alikuwa sahihi; na aliyechanganya maswali hayo mawili kuwa moja alipata hasara kwa njia moja au nyingine. Dawa njema haiwatakasi wanaoisimamia, wala dhambi za wasimamizi haziiharibu dawa. Nilimwandikia mpwa wangu kwamba imani yake juu ya dawa, hata ikiwa sahihi, haijajibu swali lililo kwenye karatasi ya kura.

Swali hilo nililiona wazi zaidi katika kisa cha pili, ambacho ni cha karibuni. Kampuni ya 23andMe ilianzishwa mwaka 2006 huko California. Mteja alitema mate katika kichupa, akayatuma, na kuelezwa asili ya ukoo wake na magonjwa ambayo vinasaba vyake vinaweza kumwelekeza. Baadaye kampuni iliingia pia katika utafiti wa dawa. Mwezi Juni 2021 hisa zake ziliingia sokoni, na watu wa kawaida wengi wakanunua kwa bei iliyoanzia kwenye dola 10. Katika mwaka ule kuna wakati kampuni nzima ilithaminiwa kwa takriban dola bilioni 6, ijapokuwa haikuwa imewahi kupata faida.

Sasa tazameni jinsi kura zilivyopangwa. Kulikuwa na hisa za aina mbili. Ile aliyoinunua mtu wa kawaida ilikuwa na kura 1. Ile ya waanzilishi na wawekezaji wa mwanzo ilikuwa na kura 10. Kwa mpango huo mwanzilishi, Anne Wojcicki, ambaye pia alikuwa mtendaji mkuu na mwenyekiti wa bodi, alishika karibu nusu ya kura zote. Jambo hili halikufichwa. Liliandikwa katika nyaraka ambazo kila mnunuzi angeweza kuzisoma, na wengi hawakuzisoma.

Mwaka 2023 wezi wa mitandaoni walizifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9. Mauzo yakapungua, hisa ikashuka chini ya dola 1. Mwezi Julai 2024 mwanzilishi alipendekeza kuzinunua hisa zote ambazo hakuwa nazo kwa senti 40 kila moja. Kamati ya wakurugenzi wasio waajiriwa wa kampuni ilikataa, ikisema pendekezo lile halikuwafaa wanahisa wengine. Naye alikuwa ameeleza kwamba hangeunga mkono mnunuzi mwingine. Basi tarehe 17 Septemba 2024 wakurugenzi wote 7 wa kujitegemea walijiuzulu kwa siku moja, wakaeleza kwamba hawakubaliani naye juu ya mwelekeo wa kampuni. Akabaki peke yake katika bodi.

Nilipofika hapo niliweka kitabu cha kumbukumbu chini nikatafakari kwa muda mrefu. Watu 7, wenye elimu na uzoefu, waliopewa kazi ya kumsimamia mtendaji mkuu, walipotaka kusema "hapana" hawakuwa na njia nyingine iliyobaki isipokuwa kutoka mlangoni. Na yule mwenye hisa 50 alizonunua kwa mshahara wake, angesema "hapana" kwa njia gani? Mwezi Machi 2025 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mwezi Julai 2025 mali yake iliuzwa kwa dola milioni 305 kwa taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa na mwanzilishi yule yule. Simhukumu mtu hapa. Mauzo yale yaliidhinishwa na mahakama. Ninalosema ni kwamba mwenye hisa chache, kabla ya kuuliza kama kazi ya kampuni inavutia, angeuliza swali moja: ni nani anayeweza kumwambia kiongozi "hapana" na akabaki mahali pake?

Hata hivyo, ndugu zangu, shaka nayo ina dhambi zake. Yuko anayeshuku kwa sababu tu amepata hasara, na kila tangazo la kampuni analiita wizi. Huyo hatofautiani na anayeamini kila kitu, kwa maana wote wawili hawasomi. Kutoa hisa mpya, kwa mfano, si kosa lenyewe. Ukiwa na hisa 100 kati ya 10,000, una asilimia 1 ya kampuni. Zikitolewa 10,000 nyingine ambazo hukununua, umebaki na nusu yake. Inauma. Lakini kampuni isiyo na mauzo, inayolipia majaribio ya dawa, itapata wapi fedha? Kama fedha hiyo inakwenda kumaliza jaribio, mwenye mali anaweza kukubali kwa macho wazi. Kama inakwenda kuongeza marupurupu ya walioshindwa, hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo nilimwandikia mpwa wangu hivi: "Marahaba, mwanangu. Huna kosa. Lakini usiishie kushuku, soma. Huko uliko sheria imekupa nyaraka ambazo wengi duniani hawana. Tazama taarifa ya mwaka: fedha iliyobaki itatosha miezi mingapi? Tazama waraka wa kura: wakurugenzi ni akina nani, na wangapi kati yao ni marafiki au waajiriwa wa mtendaji mkuu? Tazama mishahara: ilipanda wakati hisa ikishuka? Tazama kama viongozi wananunua hisa kwa fedha zao au wanauza; tangu sheria ya mwaka 2002, iliyokuja baada ya kashfa za miaka ile, hutakiwa kulitangaza hilo ndani ya siku 2 za kazi, na kampuni hairuhusiwi tena kuwakopesha. Kisha pigia kila ombi kura yake. Karatasi moja si lazima iwe na jibu moja."

Alisoma kwa majuma mawili, baada ya zamu za usiku. Aliona kwamba fedha iliyobaki ilikuwa ya miezi michache tu, na kwamba jaribio kuu halijakwisha. Akakubali hisa mpya. Aliona pia kwamba malipo ya viongozi yalikuwa yamepanda miaka miwili mfululizo. Akakataa nyongeza yao. Maombi yote mawili yalipita. "Kura yangu haikubadili kitu, Mjomba," aliniandikia, "lakini sasa najua nimeshika nini. Nimeamua kwamba fedha ya paa la mama haitaingia humo tena." Sijui kama dada yangu atapata paa lake mwaka huu. Nimemwahidi kuchangia mabati.

Kisa hiki hakikuniacha salama na mimi mwenyewe. Katika parokia yetu kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kila mwaka katika kikao cha halmashauri ya fedha huomba kuona stakabadhi. Mwaka jana aliuliza habari za mafuta ya gari la parokia, nami nikamjibu kwa mzaha kwamba Mtume Tomaso ameamka. Watu walicheka, naye akaketi. Hakuuliza tena. Nami wakati ule niliona nimeongoza kikao vizuri.

Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1287, inawataka wasimamizi wa mali watoe hesabu kwa waamini juu ya yale waliyoyatoa. Nilikuwa naijua kanuni hiyo, niliifanyia mtihani. Ilibidi niandikiwe na muuguzi kutoka ng'ambo ya bahari ndipo nione kwamba mahali ambapo mtu mmoja peke yake ndiye aliyethubutu kuuliza, mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Jumanne iliyopita nilikwenda nyumbani kwa mzee huyo, nikamwomba radhi, nikamwachia faili la stakabadhi za mafuta. Alivaa miwani yake, akaanza na ukurasa wa kwanza. Ameniambia atalirudisha Jumapili, na kwamba tayari ana maswali mawili.