Januari Mosi

Kila mwaka ifikapo Januari mosi, simu yangu hujaa salamu za aina mbili. Za kwanza ni za mwaka mpya, na hizo kila mtu huzipata. Za pili ni za kunipongeza kwa kuadhimisha siku yangu ya kuzaliwa. Kampuni ya simu hunipongeza, benki hunipongeza, na wenzangu walioiona tarehe hiyo katika orodha ya darasa nao hunipongeza. Wote huwajibu kwa adabu. Ukweli ni kwamba sikuzaliwa Januari mosi. Tarehe hiyo niliitunga mwenyewe mwaka 2011, nikiwa darasa la saba, juu ya meza ya jikoni kwetu Nyansiongo. Na ndiyo iliyokuja kunifungia mlango wa mashindano ya kimataifa ya sataranji ya vijana.

Ndugu msomaji, najua umezoea kukutana katika kurasa hizi na uhakiki wa riwaya, mijadala ya ngeli na malumbano yasiyokwisha kuhusu ushairi huru. Niwie radhi nikikutoa huko kwa muda. Hata hivyo, kisa changu hakiko mbali sana na taaluma yetu, kwani kinahusu maandishi na mamlaka tunayoyapa.

Nianze na Mama. Mama alizaliwa Tabaka, huko Mugirango Kusini, ambako huchimbwa lile jiwe laini ambalo wengine huliita jiwe la Kisii na wengine jiwe la sabuni. Wanaume hulichimba kwa sururu, wachongaji wakalikata kwa panga na kulichonga kwa visu, kisha kazi huwafikia wanawake. Wao hulisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka liteleze, halafu hulipaka nta likang'aa. Miongoni mwa vitu vinavyochongwa huko kwa ajili ya watalii ni seti za sataranji. Mama alianza kusugua akiwa msichana mdogo. Asema alisugua wafalme na malkia wasio na hesabu kabla hajaolewa Nyansiongo, na wala hakuwahi kumwona mtu hata mmoja akicheza nao. Kete ziliondoka Tabaka zimeviringishwa katika majani makavu ya migomba, zikaenda zilikokwenda.

Seti moja tu ndiyo iliyorudi. Mjomba alituletea kwa sababu malkia wake mmoja alikuwa amemeguka taji na mnunuzi alikuwa ameikataa. Ngome zake zilikuwa nyumba za msonge na askari wake walibeba ngao. Ilikaa juu ya kabati la vyombo miaka mingi, pambo kama mapambo mengine. Nyansiongo yetu ni ya mashamba ya makazi ya Borabu, yaliyokuwa ya walowezi kabla ya uhuru: chai, ng'ombe wa maziwa, baridi ya asubuhi, na barabara itokayo Keroka kuelekea Sotik. Mchezo wa ubao uliojulikana sokoni ulikuwa drafti ya vizibo vya soda, na waliocheza walikuwa wanaume wasubirio wateja.

Sataranji niliijua nikiwa kidato cha pili, mwaka 2014, alipokuja shuleni kwetu mwalimu mwanagenzi wa hisabati na ubao wa karatasi. Alitufundisha kwa Kiingereza, nasi tukawa tunatafsiri huku tukicheza. Mfalme, malkia na farasi hawakutusumbua. Ngome tuliiita nyumba, kwa sababu niliporudi kutoka likizo na kete za Mama ilikuwa nyumba kweli. Aliyetutatiza ni askofu. Askofu wa Tabaka hakuwa na kofia ya kanisani. Alikuwa mzee aliyeshika fimbo. Basi tukamwita Mzee, na mpaka leo nikisikia mtu akisema "askofu" mbele ya ubao huhisi kama ametaja kete ya mchezo mwingine. Baadaye chuoni nilijifunza kwamba kete hiyo kwa Waarabu ni ndovu, na kwamba huyo tumwitaye malkia alianza maisha yake akiwa waziri. Aidha, yale maneno ya mwisho wa mchezo, shah mat, wapo wasemao ni ya Kiajemi, yaani mfalme amezongwa, na wapo waliyoyasikia kwa sikio la Kiarabu, yaani mfalme amekufa. Mimi huwaunga mkono hawa wa pili kwa upendeleo wa lugha tu: neno lao limetoka katika mzizi uleule uliotupa mauti na maiti. Na shah mwenyewe ana undugu, nadhani, na shaha wetu wa mashairi.

Sasa nieleze ile sheria. Mashindano ya dunia ya vijana yalianza mwaka 1951 mjini Birmingham, Uingereza, na bingwa wa kwanza alikuwa Borislav Ivkov wa Yugoslavia. Ya wasichana yalianza mwaka 1982. Spassky aliyashinda mwaka 1955, Karpov 1969, Kasparov 1980 na Anand 1987. Wote wanne baadaye walikuwa mabingwa wa dunia wa watu wazima. Kwa upande wa Afrika, Amon Simutowe wa Zambia alitwaa nafasi ya pili mwaka 2000 mjini Yerevan, Armenia, na mwaka 2007, katika mji huohuo, Ahmed Adly wa Misri akawa bingwa. Majina hayo niliyakariri kama wengine wakaririvyo majina ya wachezaji wa kandanda. Lakini kuna jambo ambalo sikulikariri. Ili uhesabiwe kijana, sharti uwe na umri wa chini ya miaka 20 tarehe 1 Januari ya mwaka wa mashindano.

Mapema mwaka 2018, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, niliarifiwa kwamba kungekuwa na mchujo wa vijana jijini Nairobi. Mama alinipa nauli kutoka katika malipo ya majani chai. Nilifika mapema kuliko wote, nikatoa kitambulisho changu mezani. Kijana aliyekuwa akisajili alikitazama, akaitazama tarakilishi yake, akakitazama tena.

"Dada," akasema, "umetimiza ishirini Januari mosi. Wanataka uwe hujatimiza siku hiyo." Kisha, nafikiri kwa nia ya kunifariji, akaongeza, "Ungezaliwa tarehe mbili, ungeingia."

Simlaumu. Sheria aliisoma ilivyoandikwa, na mpaka lazima uwekwe mahali. Waliowahi kuona wachezaji wenye ndevu katika timu za watoto wanajua kwa nini meza ile iko pale. Nilikaa ukumbini siku nzima nikitazama. Jioni, ili nisirudi bila kugusa kete, nilimwomba msichana mmoja aliyemsindikiza kaka yake tucheze. Hakuzidi miaka 12. Alinimaliza upesi, akaniuliza kama nilitaka tena. Nimelitaja hili ili msomaji asidhani najiona bingwa aliyedhulumiwa. Septemba mwaka huo, huko Gebze, Uturuki, Parham Maghsoodloo wa Iran alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana, na Aleksandra Maltsevskaya wa Urusi ule wa wasichana. Sina dai lolote kwamba Gebze ilinikosa. Ninachodai ni kwamba nilikuwa na haki ya kushindwa katika mchujo ule.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo Januari mosi aliiandika nani?"

Nikamwambia ni mimi. Shule ilikuwa imetaka vyeti vya kuzaliwa ili tusajiliwe kwa mtihani wa darasa la nane. Kadi yangu ya kliniki ilikuwa imelowa na kuoza chini ya paa linalovuja. Baba alileta fomu, akaniambia nijaze kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Mwaka tuliujua, 1998. Tarehe hakuikumbuka. Mama alikuwa shambani akichuma majani, naye angerudi jioni. Fomu ilihitajika kesho yake. Kwa hiyo wakati wa kumngoja ulikuwapo, tena wa kutosha. Sikumngoja. Nilichagua Januari mosi kwa sababu ilikuwa tarehe nzuri, ya sherehe, ambayo ulimwengu mzima ungeikumbuka. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kubuni, na ndiyo iliyosambaa kuliko zote nilizowahi kuandika.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Hapo sikuwa na jibu ambalo lingeweza kutamkwa mbele yake. Mama hasomi. Nilidhani mtu asiyeandika hawezi kujua tarehe.

Naye alikuwa akiijua. Alinieleza palepale, bila kupandisha sauti. Siku ya uchaguzi, ule wa Desemba 1997, alisimama foleni tangu alfajiri akiwa na mimba yangu, na wanawake wenzake wakamsogeza mbele. Kura zilipigwa tarehe 29. Mimi nilikuja mahindi yalipokwisha kupaliliwa mara ya kwanza, mvua za El Nino zikiwa bado zinanyesha. Usiku huo barabara haikupitika, na Baba alikwenda kubisha hodi kwa mwenye gari la kubebea maziwa. Nilizaliwa kukipambazuka, Sabato ya pili ya mwezi wa tatu. Waumini waliombewa mtoto kabla ya kuambiwa ni wa kike au wa kiume.

Nilitafuta kalenda ya mwaka 1998 nikahesabu Jumamosi za Machi. Ya pili ni tarehe 14.

"Siku ile niliumia mimi," akasema Mama. "Wewe ukaenda kuipa mwaka mpya."

Wenzangu huniuliza kwa nini sikuirekebisha. Njia ipo: hati ya kiapo, mashahidi, safari kadhaa za ofisini. Lakini tarehe hiyo ilikuwa tayari imeingia katika vyeti vyangu vya mtihani, kitambulisho, usajili wa chuo na mkopo wa masomo. Kuigusa mahali pamoja ni kuzifanya nyaraka nyingine zote zitiliwe shaka. Isitoshe, hebu fikiri: mchezaji akataliwe kwa ajili ya umri, na wiki chache baadaye aje na hati inayompunguzia umri. Mimi mwenyewe, ningeketishwa kwenye meza ile, nisingemwamini. Nikaiacha. Mwaka ukapita, na mwaka uliofuata hata tarehe ya Mama isingeniokoa.

Mara nyingi humkumbuka Phiona Mutesi. Mwaka 2009 yeye na wavulana wawili, Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira, walitoka katika mtaa wa Katwe, Kampala, wakaenda Juba, iliyokuwa bado ndani ya Sudan, kucheza katika mashindano ya kimataifa ya watoto wa Afrika. Walirudi na ushindi. Mwaka uliofuata Mutesi alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji. Kitabu kikaandikwa mwaka 2012, na filamu ikafuata mwaka 2016, Lupita Nyong'o akiigiza kama mama yake. Watu husifu, na kwa haki, jinsi alivyoushinda umaskini. Mimi huvutwa na jambo dogo zaidi: masimulizi ya maisha yake yenyewe hayakubaliani kuhusu mwaka aliozaliwa. Kumbe hata yeye alipita karibu na meza kama ile niliyoisimamia mimi. Sijui kama kuna mtu Katwe aliyemuuliza mama yake kuhusu mvua na mavuno. Huenda aliulizwa, na huenda naye alihesabu kwa namna yake.

Tangu nianze shahada ya uzamili nimekuwa nikirudi nyumbani kila likizo, na Jumapili alasiri watoto wa majirani hukusanyika barazani petu. Tunacheza kwa seti ileile ya Tabaka. Farasi mmoja alipotea, mahali pake pana kizibo cha soda, na hakuna anayelalamika. Mzee bado ni Mzee. Mtoto mpya akija, kabla sijamwonyesha askari anavyotembea, humuuliza alizaliwa lini. Kuna wanaonijibu haraka, kama ilivyo katika cheti. Hao huwaambia warudi kwao wakawaulize mama zao, tena wasiulize tarehe, waulize siku ilikuwaje. Majibu huyaandika katika daftari. Sina mamlaka yoyote ya kusajili mtu, na daftari langu halina muhuri.

Likizo iliyopita alikuja mvulana mmoja ambaye cheti chake, kama changu, kinasema Januari mosi. Alirudi kwao akaja na jibu hili: mama yake anasema ilikuwa ile wiki ng'ombe wa jirani alipotumbukia katika josho, watu wakashinda hapo wakimvuta kwa kamba. Mwaka anaujua; mwezi ndio uliompotea. Nikabaki na kalamu mkononi.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua chinsaga. Hakuinua kichwa.

"Hiyo ilikuwa Jumatatu," akasema. "Kesho yake shule zilifungwa, za mwezi wa nane. Andika, halafu mwambie aje nimweleze kuhusu yule ng'ombe."

Nikaingia ndani kutafuta kalenda.