Kanda za Pikipiki na Lango la Kanisa

Tulipoombwa kuandika juu ya safari yetu ya imani, tulijua wengi wangeandika juu ya ugonjwa, misukosuko ya ndoa, au siku waliyookoka. Sisi, mume na mke, tumeamua kuandika juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi hatukulisema mbele ya usharika. Tunapenda filamu za zamani za magenge ya pikipiki. Tunasema zile za bei rahisi, zilizotengenezwa Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970, zenye makoti ya ngozi, ndevu zisizochanwa, ngumi na vumbi jingi.

Tulizifahamu tukiwa masomoni huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mmoja wetu alikuwa na ufadhili wa masomo, mwingine alifanya usafi wa ofisi usiku. Gari hatukuwa nalo, baridi ilikuwa ndefu, na jirani mmoja alitupa televisheni yake ya zamani pamoja na deki. Karibu na tulipopanga palikuwa na duka la kuazimisha kanda za video. Filamu mpya zilitushinda bei, lakini nyuma kabisa ya duka palikuwa na rafu ya kanda zilizopauka, mbili kwa dola moja. Huko ndiko tulikokutana na jamaa hao.

Chanzo cha filamu hizo kinajulikana. Mwezi Julai 1947 wapanda pikipiki wengi walikusanyika katika mji mdogo wa Hollister, California, wakalewa na kufanya fujo, na magazeti yakaikuza habari. Kutokana na habari hiyo ikaja The Wild One ya mwaka 1953, iliyochezwa na Marlon Brando. Kisha mwaka 1966 Roger Corman akaitengenezea kampuni ya American International Pictures filamu ya The Wild Angels. Waigizaji walikuwa Peter Fonda na Nancy Sinatra, na pamoja nao walikuwamo wanachama halisi wa Hells Angels na pikipiki zao. Gharama ilikuwa ndogo, faida ikawa kubwa, na wengi wakakimbilia kufanya vivyo hivyo. Hapakuhitajika majumba ya fahari wala mavazi ya kifalme. Barabara, jangwa, baa moja na kundi la watu wenye pikipiki vilitosha. Filamu hizo zilionyeshwa sana kwenye viwanja vya sinema ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao, mara nyingi picha mbili kwa kiingilio kimoja. Kampuni ile ilikuwa na mazoea ya kubuni jina na bango kwanza. Hadithi ilifuata baadaye.

Ndiyo maana hadithi nyingine ni za ajabu. Katika The Losers ya mwaka 1970 genge la pikipiki linapelekwa Kambodia kumwokoa mtu aliyetekwa. Katika Werewolves on Wheels ya mwaka 1971 genge linakutana na watawa wa Shetani, na baadaye usiku watu wanageuka mbwamwitu. Waingereza nao walitoa Psychomania mwaka 1973, ambamo kijana anazikwa akiwa ameketi juu ya pikipiki yake, kisha anatoka kaburini akiiendesha. Siku hiyo tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini kicheko peke yake hakimrudishi mtu kwenye rafu ile ile kila Ijumaa. Tulipokuwa wazi sisi kwa sisi, tulikiri kwamba kilichotuvuta kilikuwa kingine. Wale watu walikuwa na wenzao. Mmoja akianguka, wengine walisimamisha pikipiki. Mmoja akitukanwa, wote waliteremka. Katika Bury Me an Angel, ambayo iliongozwa na mwanamke, Barbara Peeters, dada anakwenda mbali sana kumtafuta aliyemuua kaka yake. Katika The Black Six wanaume weusi sita waliorudi kutoka vita vya Vietnam wanasafiri pamoja kwa pikipiki, na ndugu wa mmoja wao anapouawa, hakuna anayeambiwa alibebe jambo hilo peke yake. Sisi wakati ule tulikuwa wageni. Kazini tuliitwa kwa majina yaliyokosewa. Tulipofiwa na mama mzazi wa mmoja wetu hatukuwa na nauli ya kurudi kuzika, tukakaa matanga watu wawili katika chumba kimoja. Mtu aliye katika hali hiyo akiona watu thelathini wakimsindikiza mwenzao, hata kama ni wahuni, moyo wake unashtuka.

Hatutaki kuzipamba. Filamu hizi zina uovu mwingi. Wanawake wanadhalilishwa, na mara nyingi kamera inakaa pale kana kwamba ni burudani. Alama za Wanazi zinavaliwa kama mapambo. Wazazi mtakaosoma haya, hatuwaambii mkawaonyeshe watoto. Sisi wenyewe tulijua, ndiyo maana kikundi cha maombi kilipokuja nyumbani kwetu tulizisukuma kanda chini ya kitanda.

Kuna sehemu moja ambayo hatukuisahau. Mwishoni mwa The Wild Angels genge linamzika mwenzao, kijana aliyechezwa na Bruce Dern. Wanalifunika jeneza kwa bendera ya Wanazi, wanalileta kwenye kanisa dogo, na mchungaji anapojaribu kuhubiri wanamvamia na kuligeuza kanisa kuwa mahali pa ulevi na mambo mabaya zaidi. Baadaye wanakwenda makaburini, ugomvi unazuka na wenyeji, ving'ora vya polisi vinasikika, na wote wanakimbia. Anabaki kiongozi wao, Peter Fonda. Wanamwita waondoke, naye anajibu kwamba hakuna pa kwenda. Kisha anachukua koleo na kufukia kaburi peke yake. Tuliposikia hivyo tulinyamaza wote wawili. Mtu amepata kila alichokiita uhuru, na mwisho wake ni kaburi moja na hana pa kwenda. Tuliizungumza sehemu hiyo hata katika maombi yetu ya usiku. Tukamwonea huruma sana mtu ambaye hakuwapo.

Tulirudi nyumbani, miaka ikapita, tukachaguliwa kuwa wazee wa kanisa. Pikipiki nazo zikaja. Katika mji wetu kila njia panda ina kijiwe cha bodaboda, na vijana wengi tuliowafundisha Kipaimara wapo huko. Sisi tuliwapanda kila siku, tukabishana nao nauli, tukawalalamikia kwa kelele za ekzosi. Majina yao tuliyajua machache.

Basi kijana mmoja wa usharika wetu, mtoto wa mjane, akagongwa na lori usiku akafa. Alibatizwa kwetu na kubarikiwa kwetu, ila tangu aanze kuendesha alikuwa haonekani ibadani, na bahasha yake ya sadaka ilikuwa haijarudi muda mrefu. Baraza lilijadili, likakubali azikwe kwa ibada. Siku ya maziko tukasikia muungurumo kabla ya kuona kitu. Walikuja zaidi ya mia, wamefunga matawi mbele ya pikipiki, wakipiga honi na resi, wakilisindikiza gari lenye jeneza.

Sisi wawili tulikuwa zamu ya langoni. Tunataka tuseme ukweli wote. Kilichotujia akilini ni ile filamu. Tuliliona kanisa likivunjwa na mchungaji akivamiwa. Tukawazuia. Tukawaambia wazime, pikipiki zibaki barabarani, na waingie watano tu, wasiovaa kofia. Walitutazama. Hakuna aliyetukana. Walizima pikipiki moja baada ya nyingine, wala hawakuingia hata hao watano. Walisimama nje ya ukuta kwa saa nzima na nusu, juani, kimya kabisa, na mahubiri waliyasikia kupitia madirishani.

Makaburini walituomba makoleo. Walifukia wao wenyewe, kwa zamu, wala hawakumruhusu mtu mwingine kushika. Baada ya hapo mwenyekiti wao akampa mama wa marehemu rambirambi waliyochangishana kijiweni. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya usharika.

Siku tatu baadaye tulikwenda kumfariji yule mama. Alitukaribisha, akatupa chai. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Mwanangu alikuwa na ndugu wengi. Nilitamani Mungu awaone wakiwa ndani." Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu hatukuweza kumsimamisha bodaboda yeyote.

Usiku ule tulizungumza hadi jogoo wa kwanza. Tuliulizana: ilikuwaje tukampenda yule muasi wa California, tukamwombea na kumlilia, halafu tukawafungia lango vijana wetu wenyewe ambao hawakuvunja hata kikombe? Jibu lilituaibisha. Yule wa kwenye kanda hakuweza kubisha hodi. Huruma tuliyompa haikutugharimu chochote; filamu ikiisha tulibonyeza kitufe na kulala. Mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 unamtaja pia kaka mkubwa, aliyesikia ngoma na kelele za furaha akasimama nje akikataa kuingia. Sisi tulikuwa ndani, na tuliwasimamisha nje waliokuja na huzuni yao. Kwa hiyo tulimzidi hata yule kaka.

Kesho yake tulikwenda kijiweni. Vijana walitoa shikamoo, wakanyamaza. Tukawaambia tumekuja kuomba msamaha, na tukaeleza tulichoogopa. Mwenyekiti wao alisikiliza, akasema, "Mzee, na wewe mama, sisi hatukuja kuvunja kanisa. Tulikuja kumsindikiza mwenzetu. Zile honi ndiyo kulia kwetu." Mmoja wao alikataa kutupa mkono, na alikuwa na haki.

Baadaye tulisoma habari za kasisi mmoja wa London, William Shergold, ambaye naye alipanda pikipiki. Mwaka 1962 alikwenda kwenye mkahawa wa Ace, mahali palipojaa vijana wa pikipiki walioogopwa na mji mzima, akawaalika kwenye ibada katika kanisa lake la Hackney Wick. Walikuja, na chama cha vijana cha kanisa kikawa makao yao. Na huko Marekani, mwaka 1975, wakati filamu zile zikififia, mchungaji Herb Shreve wa Arkansas alianzisha umoja wa Wakristo wapanda pikipiki. Watu hao waliona vijana wale wale ambao watengeneza filamu waliwaona. Corman na wenzake waliona kwamba mtu aliyekataliwa anavutia kumtazama. Wachungaji wale walikwenda kuketi naye.

Tulipeleka jambo hili katika baraza la wazee. Si wote waliokubali. Mmoja aliuliza kama sasa kanisa litakuwa stendi. Mwishowe likapita kwamba pikipiki ziingie uani, na kwamba siku ya msiba honi zipigwe mpaka jeneza litakapofika mlangoni, kisha zizimwe. Jumapili huja vijana saba au wanane, hukaa viti vya nyuma wakiwa wamepakata kofia zao, na baadhi huondoka kabla ya matangazo kwa sababu abiria wanasubiri. Aliyekataa kutupa mkono bado hajaja. Tunapita kijiweni kwake, tunapanda pikipiki yake, tunalipa, tunasalimiana. Jina lake sasa tunalijua, na tunalitaja tunapoomba.

Kanda zile bado tunazo, ingawa deki ilikwisha kufa. Wakati mwingine tunaangalia filamu mojawapo kwenye kompyuta ya mtoto wetu, na bado tunacheka pale kijana anapotoka kaburini na pikipiki yake. Ila tukifika kwenye lile kaburi la mwisho na yule mtu mwenye koleo, hatumwonei huruma kama zamani. Tunajiuliza ni nani katika mtaa wetu leo anasema hana pa kwenda, na kama lango letu liko wazi.