Mlango Tulioufunga Wenyewe

Sisi tuliokulia Ngamiani, Tanga, tukisema "baada ya vita" tunakusudia vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni vilevile, na duka la vitu vya kuchezea watoto hatukulijua. Tulicheza kombolela mpaka giza, wasichana wakacheza rede, na magari tuliyaunda kwa waya, magurudumu tukayakata kwenye ndala zilizochakaa. Shahada ya uhandisi tuliipata baadaye Uingereza, lakini kwamba gurudumu likikaza gari haliendi, hilo tulilijua tukiwa na miaka tisa. Mtaa mzima ulikuwa mlezi: ukivunja dirisha Barabara ya 12, habari ilifika nyumbani kabla yako.

Watoto wetu wamekulia Johannesburg, katika ghorofa linalotazama Joubert Park, bustani kongwe ya jiji hili. Sheria ya 1953 iliruhusu sehemu kama hizi zitengwe kwa rangi, ilifutwa 1990. Sisi tulipofika, lango lilikuwa wazi kwa kila mtu. Kisha, Mei 2008, wageni wakashambuliwa mitaani. Kifungua mimba wetu alikuwa na miaka minane. Tukafunga mlango, na sababu tulikuwa nayo. Wiki zile zikapita, lakini mlango tukauacha umefungwa miaka. Tukamnunulia michezo ya kompyuta, tukajisifu kuwa mtoto katulia.

Mwaka jana, sasa ni mtu mzima, alituambia bila hasira: "Baba, bustani ile naijua kwa kuitazama toka juu tu." Tulikosa jibu.

Kitinda mimba ana miaka tisa. Tumekubaliana na majirani, baba mmoja Mkongo na mama wa Kizimbabwe, tupeane zamu: kila Jumamosi asubuhi watu wazima wawili wanashuka na watoto wote wa jengo. Siku ya kwanza tulichukua waya na ndala kuukuu. Gari la mtoto wetu likagoma, gurudumu limekaza. Mikono ilituwasha kulirekebisha, tukajizuia. Alilitengeneza mwenyewe, akakimbia nalo hadi kwenye ubao mkubwa wa sataranji, bila hata kugeuka kututazama.

Hofu haijatuisha. Lakini wenzetu mnaoishi ghorofani, London au Toronto, msingoje mtaa wenu uwe kama Ngamiani. Tafuteni majirani wawili, mpange zamu.